Pini 8 badala ya 24: pawa saplai ya asili, kebo ya kuunganishia, au mazabodi nyingine?

Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa kazini, kila kilicho wazi kinakula vumbi. Mama mmoja mwenye steshenari karibu na chuo aliingia kwenye kibanda changu na kompyuta ameifunga kanga, utadhani kabeba mtoto. Nyuma yake kijana wake, mkononi ana boksi jipya.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri mama, karibu. Imekuwaje?"

"Jana umeme ulikatika, uliporudi hii haikuwaka tena. Huyu mwanangu akasema ni pawa saplai, lile boksi la umeme la ndani, nikampa hela akanunua. Mpya kabisa, wati 500. Leo ananiambia haiingii."

"Inaingia kidogo," kijana akarekebisha.

Nikaweka chini nilichokuwa nashika. Kwenye umeme wa kompyuta hakuna neno linalonitisha kama hilo "kidogo".

Ilikuwa Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara. Pembeni mwa mazabodi, ile bodi kuu ambayo vyote vinachomekwa, mahali ambapo kwa mashine nyingi unakuta soketi ndefu ya matundu 24 katika safu mbili, hapa palikuwa na kasoketi kafupi: matundu manne juu, manne chini. Kijana alihesabu nane, akatafuta kwenye pawa saplai yake kichwa chenye pini nane, akakipata, akakandamiza. Kilikuwa kichwa cha kadi ya picha (graphics card). Kilichoiokoa mashine ni umbo la plastiki tu. Ukimulika na tochi ya simu utaona matundu mengine ni mraba kamili na mengine yamekatwa pembe, na mpangilio wa kichwa kile haukulingana na wa soketi. Kingo zilikuwa zimeshaanza kumenyeka. Angekuwa na mikono ya mpasua kuni, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Swali lililofuata ndilo ninaloulizwa mara kwa mara, maana mji umejaa kompyuta za ofisi za mtumba (simaanishi Mtumba, eneo la hapa Dodoma lenye wizara, namaanisha zilizotumika Ulaya zikaletwa huku). Pawa saplai ikifa, ununue ileile ya asili, utumie ya kawaida kwa kebo ya kuunganishia, uitengeneze iliyokufa, au ubadilishe mazabodi kabisa? Njia zote nne zina watu wanaozisifia. Mimi nina msimamo wangu na nitausema, ila kwanza ujue soketi iliyo mbele yako ni ya aina gani.

Kwa nini hazifanani

Mpangilio unaoitwa ATX uliletwa na Intel mwaka 1995. Soketi kuu ilikuwa na pini 20, na kuanzia mwaka 2003 zikawa 24. Katika pini hizo kuna volti 3.3 kwenye nyaya za rangi ya chungwa, volti 5 kwenye nyekundu, volti 12 kwenye njano, na graundi, njia ya umeme kurudi, kwenye nyeusi. Ipo ya zambarau inayobeba volti 5 muda wote hata mashine ikiwa imezimwa, alimradi waya uko ukutani. Huo ni umeme wa kusubiri, ndio unaoifanya mazabodi isikie ukibonyeza kitufe. Ya kijani ni amri ya kuwasha: mazabodi ikiishusha hadi graundi, pawa saplai inaamka. Ya kijivu ni jibu: pawa saplai inasema umeme wangu umetulia, endelea.

Sasa makampuni yanayouza kompyuta za ofisi kwa maelfu yaliangalia hizo nyaya 24 yakaona nyingi ni za bure. Prosesa ya leo inalishwa kutoka volti 12, na mazabodi yenyewe inaweza kutengeneza 5 na 3.3 kutoka hapohapo. Kwa hiyo wakaacha volti 12 peke yake, nyaya chache, pawa saplai rahisi na isiyopoteza umeme mwingi mashine ikiwa haina kazi. Intel nao wamekuja kufuata njia hiyohiyo kwa mpangilio wao wa ATX12VO wenye soketi ya pini 10. Wazo lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba kila kampuni ilichora soketi yake, na mteja wa Nkuhungu au Kondoa ndiye anayelipa tofauti hiyo pale kifaa kinapokufa.

Na tushukuru wamebadilisha hata umbo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell walitumia soketi iliyofanana kwa sura na ile ya ATX, lakini nyaya ndani zimepangwa kivingine. Pawa saplai ya kawaida iliingia bila shida yoyote, na ikaua mazabodi bila shida yoyote. Soketi inayokukataa ina hisani kuliko hiyo.

Hivi ndivyo ninavyozisoma mashine zinazofika mezani kwangu:

| Unachokiona | Mara nyingi ni | Usichanganye na |
|---|---|---|
| Pini 24 | ATX ya kawaida, pawa saplai yoyote ya ATX inafaa | Ya zamani ya pini 20 |
| Pini 14 | Lenovo ThinkCentre za enzi ya M92p | Kipande cha ATX. Si kipande |
| Pini 10 | ThinkCentre za baadaye, au ATX12VO | Moja na nyingine! Idadi sawa, mpangilio tofauti |
| Pini 8, safu mbili za nne | Dell OptiPlex 3020, 7020, 9020 | Kichwa cha prosesa au cha kadi ya picha |
| Pini 6 | HP ProDesk 600 G1, EliteDesk 800 G1, na baadhi ya Dell | Kichwa cha kadi ya picha cha pini 6 |
| Pini 4 za mraba karibu na prosesa | Umeme wa prosesa, zipo karibu kwenye mashine zote | Hapa hakuna tatizo, ni ileile |
| Kasoketi kadogo karibu na SATA (soketi za kebo za diski) | Umeme unaotoka kwenda kwenye hadi diski (hard disk) | Mahali pa kuingizia umeme |

Mstari wa mwisho umewapoteza mafundi wazima. Kwa kuwa pawa saplai hizi hazina volti 5, haziwezi kulisha hadi diski moja kwa moja. Mazabodi ndiyo inayotengeneza hizo volti na kuzitoa kwa kebo nyembamba hadi kwenye diski na DVD. Ukiona kasoketi ka ziada hakana kitu, usidhani kuna waya umesahaulika kutoka kwenye pawa saplai. Kutia umeme mahali unapotoka ni kulisha mtu kupitia sikio.

Kuhusu vile vichwa viwili vya pini nane vya pawa saplai ya kawaida, tofauti inaonekana kwa macho. Kigeuze uone upande wenye ulimi wa kubana. Kwenye kichwa cha prosesa, nyaya za njano ziko upande wa ulimi. Kwenye kichwa cha kadi ya picha, upande wa ulimi ni nyeusi. Yaani kimoja ni kinyume cha kingine, na ukifaulu kukilazimisha umeunganisha volti 12 na graundi uso kwa uso.

Hesabu ya pini haitoshi, soma kibandiko

Watu wakija na picha ya soketi wananiuliza, "Fundi, hii ni ya ngapi?" Mimi nawauliza kibandiko cha pawa saplai iliyokufa kinasemaje. Kibandiko kinaendelea kusema kweli hata kifaa kikishakufa.

Tafuta mistari ya umeme unaotoka. Ya mama yule ilikuwa na mistari ya volti 12 tu, imepewa herufi za kuitofautisha. Hapakuwa na 5 wala 3.3. Halafu tafuta mstari wenye herufi SB, ule wa kusubiri. Hapo ndipo uamuzi wote unapokaa: ni volti 5 au ni volti 12?

Sababu ni hii. Mazabodi inayotaka 12 za kusubiri ukiipa 5, mara nyingi itakaa kimya tu, au itawaka leo na kugoma kesho. Hasara yako ni usumbufu. Mazabodi inayotaka 5 ukiipa 12, unasikia "tik" ndogo halafu harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Kiduchu kinanyamazisha, kingi kinaua. Kwa hiyo ukiwa gizani kabisa kuhusu mashine fulani, kosa la kuogopa zaidi ni la upande mmoja.

Rangi za nyaya zisikudanganye pia. Zambarau, kijani na kijivu ni mazoea ya ATX. Kwenye pawa saplai ya kampuni unaweza kukuta rangi zimepangwa kwa namna yao. Mita ya kupimia ndiyo mwamuzi: iweke kwenye volti za DC, waya mweusi uguse chuma cha kasha, mwekundu kwenye tundu. Kwa volti 12 kubali kati ya 11.4 na 12.6, kwa volti 5 kati ya 4.75 na 5.25.

Kabla hata ya kununua chochote, hakikisha mgonjwa ni yeye. Dell nyingi za kizazi hicho zina kitufe kidogo nyuma, kwenye pawa saplai yenyewe, na taa ya kijani pembeni yake. Chomeka waya wa ukutani, bonyeza. Taa ikiwaka, pawa saplai ina uhai na huenda tatizo liko mbele zaidi. Isipowaka, chomoa vichwa vyote kwenye mazabodi ubonyeze tena: ikiwaka sasa, kuna kitu upande wa mazabodi kinachoivuta chini. Ya mama haikuwaka wakati wowote, kwa hiyo utambuzi wa kijana ulikuwa sahihi. Nilimwambia hivyo mbele ya mama yake, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuangalia chini.

Pawa saplai ya asili

Hii ndiyo ninayoichagua nikiachiwa nichague. Inaingia kwenye kasha, skrubu zinakaa kwenye matundu yake, vichwa vinajibana vyenyewe, na mashine ikiwaka inawaka kama ilivyokuwa. Unatafuta kwa namba iliyo kwenye kibandiko, si kwa jina la kompyuta, kwa sababu 9020 ya mnara ina wati 290 na 9020 nyembamba ina wati 255, na maboksi yenyewe hayafanani umbo.

Ubaya wake ni upatikanaji. Hapa mjini mara nyingi utaambiwa subiri. Inatoka Kariakoo, inapakiwa kwenye basi la usiku, asubuhi unaifuata stendi ya Nanenane. Na karibu kila mara ni iliyotumika, imetolewa kwenye mashine nyingine iliyokatwakatwa kwa spea. Kuna mtu huliona hilo kama kasoro kubwa. Mimi sioni hivyo. Pawa saplai ya ofisi iliyotumika miaka mitano kwenye chumba kisafi huko ilikotoka ina maisha mbele yake kuliko mpya ya bei ya chee. Sharti ni moja: muuzaji aiwashe mbele yako au akupe siku saba za kurudisha.

Nikamwonyesha mama jambo jingine. Lile boksi jipya lilisema wati 500 kwa maandishi makubwa mekundu. Nikageuza pawa saplai, nikamwonyesha kibandiko: mstari wa volti 12, ampea 18.

"Kijana, 18 mara 12?"

"216."

"Na ya zamani ni 290, karibu yote ni ya volti 12. Sasa ipi kubwa?"

Mama akacheka kwa uchungu. Jumla ya boksi huwa inajumuisha volti 5 na 3.3, ambazo mashine yake haizihitaji kutoka nje, na wakati mwingine inajumuisha matumaini ya aliyechapa boksi. Ukilinganisha pawa saplai mbili kwa mashine hizi, linganisha ampea za volti 12, mengine weka pembeni. Prosesa kama i5-4590, ambayo iko kwenye 9020 nyingi, imepangiwa wati 84. Mashine ya kuchapa barua, kutoa fotokopi na kujaza fomu za mtandaoni haihitaji 500 za kweli, sembuse za uongo.

Kebo ya kuunganishia na pawa saplai ya kawaida

Upande mmoja inapokea kichwa cha pini 24, upande mwingine ina kichwa cha pini 8, 6, 10 au 14. Ni nyepesi, inaingia kwenye bahasha, na bei yake ni ndogo. Wanafunzi wanaipenda, hasa anayetaka kuweka kadi ya picha inayotaka umeme wake mwenyewe. Kwa huyo nakubali kabisa: pawa saplai ya asili ya 9020 haina kichwa cha kadi ya picha, na tundu la kadi kwenye mazabodi kwa kanuni halipitishi zaidi ya wati 75. Kadi ikitaka zaidi, pawa saplai nzuri ya ATX na kebo ndiyo njia yenye maana. (Kadi kama GTX 1050 Ti inaweza kuishi ndani ya hizo 75, kwa hiyo usikimbilie kununua kabla hujajua kadi yako inataka nini.)

Lakini kebo hizi ziko za namna mbili na zinauzwa kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni nyaya tupu: inachukua volti 5 za kusubiri za ATX na kuzipeleka kama zilivyo. Ya pili ina kabodi kadogo kamefungwa kwa plastiki nyeusi katikati, kazi yake kupandisha hizo 5 ziwe 12. Mazabodi ya volti 12 ikipewa ile ya nyaya tupu inaweza kukubali na inaweza kukataa, na nimeona zote mbili kwa mashine zinazofanana majina. Ukiona kebo ya HP ya pini 6 haina hako kabodi, iulize maswali mengi kabla ya kuilipa.

Mazabodi ya kwanza niliyoiua kwa mikono yangu ilikufa kwa kebo. Niliinunua pamoja na nyingine nne kwenye duka moja la spea, zote zimefungwa sawa, zote zimeandikwa sawa. Nne zilifanya kazi. Ya tano ilikuwa na waya mmoja umekaa tundu la jirani, waliobana pini kiwandani walikosea. Nilichomeka bila kupima kwa sababu nne za mwanzo zilikuwa salama. Mashine ilikuwa ya mteja. Nililipa, na tangu siku hiyo kila kebo inapita kwenye mita kabla haijagusa mazabodi: naiunganisha na pawa saplai peke yake, nachomeka ukutani, natafuta volti za kusubiri ziko tundu gani. Halafu nagusanisha tundu la amri ya kuwasha na graundi kwa kipande cha waya, feni inazunguka, napima zilizobaki. Dakika tatu.

Kuna pia unene wa nyaya. Katika pini zote 24 za ATX, za volti 12 ni mbili tu. Kila kitu ambacho mazabodi inakitaka kupitia soketi yake kuu kinapita hapo. Prosesa ina kichwa chake cha pini 4, hilo linaokoa mambo, lakini diski, RAM, feni na tundu la kadi vyote vinategemea hizo mbili. Namba ya waya huandikwa ubavuni: 18 ni mnene kuliko 20, na 22 ni mwembamba zaidi. Inachanganya, lakini ndivyo ilivyo, namba ikipanda waya unakonda. Mwembamba kuliko 18 mimi sinunui. Baada ya nusu saa ya kazi nagusa kichwa kwa kidole. Uvuguvugu sawa, joto la chai hapana.

Na kuna swali ambalo watu hulikumbuka nyumbani: pawa saplai itakaa wapi? ATX ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kwenye kasha la mnara inaweza kupata nafasi. Kwenye kasha jembamba haiingii, na utakachokuwa nacho ni kompyuta iliyofunguliwa ubavu, nyaya zinatoka kama utumbo, na pawa saplai imelala mezani. Nimeshaona hivyo kwenye duka moja la picha. Kwa vumbi letu la Juni mpaka Oktoba, kasha lililo wazi ni mwaliko.

Kuitengeneza iliyokufa

Nitasema kidogo tu. Kama tatizo ni feni iliyokwama kwa vumbi au kapasita iliyovimba kichwa, inatengenezeka na inadumu. Fyuzi ikiwa imekatika, jua mara nyingi kuna kingine nyuma yake kilichoikata. Anayeruka fyuzi kwa kipande cha waya usimpe tena kitu chako. Na usifungue mwenyewe: umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani unakaa kwenye kapasita kubwa ukiwa zaidi ya volti 300, na unaweza kubaki hapo hata baada ya kuchomoa. Mpe fundi anayejua, umuulize atakupa muda gani wa kurudisha ikifa tena.

Pawa saplai za kawaida za zamani kwa nyuma zina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka hapa, mlio utausikia nyumba ya tatu. Angalia swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kubadilisha mazabodi

Hii huwa inapendekezwa na mtu mwenye mazabodi ya kuuza. Sikiliza inakokupeleka. 9020 inatumia prosesa za soketi ya LGA1150 na RAM ya DDR3. Mazabodi mpya za leo hazipokei hata kimoja kati ya hivyo viwili, kwa hiyo unanunua mazabodi, prosesa na RAM. Waya wa kitufe cha mbele una kichwa cha Dell peke yake, kwa hiyo unakata na kuunga. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye mazabodi ya zamani, nayo inaondoka. Ukimaliza, cha zamani kilichobaki ni kasha na kibandiko cha mbele. Kama mazabodi yenyewe ndiyo imekufa, sawa, hapo hesabu inabadilika, na hata hapo nitatafuta kwanza mazabodi ya 9020 nyingine.

Kama hujanunua bado na unachagua kompyuta ya ofisi ya mtumba, kuna ile midogo ya Dell, HP na Lenovo inayotumia chaja ya nje kama laptopu, volti 19.5 au 20. Chaja ikifa unabadilisha bila bisibisi, cha muhimu ni ilingane volti, wati na kichwa. Kwa steshenari ningekushauri hiyo leo, ingawa haina nafasi ya kadi ya picha wala diski kubwa.

Walivyoamua

Mama hakuhitaji kadi ya picha. Alihitaji mashine iwake Jumatatu wanafunzi wakianza kuchapa ripoti. Nikamwambia: ya asili, iliyotumika, wati 290, namba ileile ya kibandiko. Tukapiga simu Kariakoo, picha ya kibandiko ikatumwa, picha ya kibandiko ikarudi, namba zikasomwa kwa sauti tarakimu moja moja. Ikapanda basi usiku ule.

"Na hii mpya?" kijana akauliza.

"Una mashine nyingine ya pini 24 nyumbani?"

"Ya mjomba, ya zamani."

"Ipo kazi basi. Usiirudishe dukani kwa ugomvi, iweke."

Asubuhi ya pili alikuja peke yake na ile iliyofuatwa stendi, bado ina vumbi la safari. Nikampa bisibisi akafunga mwenyewe. Kichwa cha pini nane kikaingia kwenye soketi kwa mlio mmoja mdogo, bila kukandamiza, na ulimi ukajibana. Akakaa kidogo akikiangalia. Halafu akaomba selotepu na kalamu, akavuta boksi lake la wati 500, akatafuta kile kichwa kilichokwaruza kingo za soketi, akakifunga na kuandika: KADI YA PICHA.